Ya Lazima na ya Hiari

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lugha yetu, basi, imewapa nafasi watu wa namna zote mbili, anayelikimbilia jipya na anayeling'ang'ania la zamani, wala haikumpa mmoja wao ushindi. Nami katika miaka hii ya kustaafu nimeukuta ugomvi wao mahali ambapo sikuutazamia: katika vibanda vya gemu vya mjini Karatu, na barazani kwangu wajukuu wanapokuja likizo kutoka Arusha na Dar es Salaam. Vijana hawa wanabishana juu ya michezo ya kwenye skrini waliyoicheza utotoni, ambayo sasa watengenezaji wameitoa upya. Je, imeboreshwa au imeharibiwa? Na zile sehemu ambazo mchezaji halazimiki kuzipitia, ziachwe, zipunguzwe au ziongezwe?

Msomaji wa rika langu atauliza mzee wa miaka sabini na kitu anatafuta nini katika maneno ya watoto. Jibu langu ni la kikazi. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1973, nikafundisha na kuongoza shule za msingi hadi nilipostaafu mwaka 2010, na katika muda wote huo, kila mtaala ulipobadilika, swali lilikuwa hilo hilo: kipi kibaki, kipi kiondoke, na kipi kiachwe kwa hiari ya mwanafunzi. Vijana wanalijadili kwa habari ya gemu. Sisi tulilijadili kwa habari ya sayansi kimu na kilimo. Uzito wa swali haupungui kwa kuwa limevaa nguo nyingine.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kushika pedi, nieleze kwa ufupi. Gemu nyingi ni hadithi ambayo anayeifuata ndiye anayemwendesha mhusika mkuu. Iko njia kuu, yaani kazi ambazo lazima zitimizwe ili hadithi ifike mwisho. Viko pia vichochoro: mtu wa kusaidiwa njiani, mashindano ya magari, kitu kilichofichwa nyuma ya nyumba. Asiyeingia vichochoroni atafika mwisho vilevile. Kampuni ikiona mchezo umependwa, baada ya miaka hufanya moja kati ya mambo mawili: hutoa mwendelezo wa hadithi, au huuchukua mchezo ule ule wa zamani ikautengeneza upya kwa mashine mpya. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mchezo unaotajwa sana hapa kwetu ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotoka Oktoba 2004 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Ni habari ya kijana Carl Johnson, ambaye wachezaji humwita CJ, anayerudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa. Umejaa bunduki na wizi wa magari, na kama mwalimu nasema wazi kwamba haukuwafaa wale watoto wa darasa la tano niliokuwa nikiwatoa vibandani saa za masomo. Lakini waliucheza, na leo watoto hao ni watu wazima wenye wake na waume na mikopo ya benki, nao wanaukumbuka mchezo ule kama sisi tunavyoikumbuka redio ya jirani iliyokuwa ikisikilizwa na kijiji kizima.

Mwezi Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ikautoa upya pamoja na michezo mingine miwili ya ukoo ule. Picha zilisafishwa na rangi zikang'arishwa. Badala ya shukrani yakaja malalamiko. Mvua ilinyesha kwa michirizi iliyomziba mchezaji macho. Sura za watu zilikuwa zimevimba na kugeuka. Mabango ya barabarani yalikosewa herufi. Baadhi ya nyimbo zilizokuwa zikipigwa katika redio za magari hazikuwamo tena, kwa kuwa haki za kuzitumia zilikuwa zimekwisha. Mwezi huo huo kampuni ikaomba radhi hadharani.

Katika malalamiko hayo yote lililonigusa zaidi lilihusu ukungu. Mashine ya mwaka 2004 haikuwa na nguvu ya kuchora mandhari ya mbali, kwa hiyo watengenezaji waliyafunika ya mbali kwa ukungu. Mashine mpya haikuwa na shida hiyo, na ukungu ukaondolewa. Matokeo yake, ukisimama kileleni mwa mlima wa mchezo ule, ukawa unaiona miji yote mitatu kwa mara moja, imekaribiana kama vitongoji vya kata moja. Mjukuu wangu mkubwa aliniambia kwa huzuni ya kweli, "Babu, kumbe nchi yote ile ilikuwa ndogo hivi."

Mkaazi wa Karatu hahitaji kufafanuliwa sana neno hilo. Ukipita lango la Lodoare na kupanda ndani ya msitu mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, asubuhi nyingi huoni kitu. Unasimama mahali pa kutazamia, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, unaambiwa kwamba mbele yako ardhi imeshuka mita mia sita, na kwamba chini kuna uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260 wenye ziwa, nyumbu na faru. Wewe unaona weupe mtupu. Wanafunzi niliowapeleka pale waliipata kreta mara mbili: kwanza ile ya kuwazia, kisha ile ya kuonekana ukungu ulipofunguka. Sikupata kuona mtoto aliyesikitika ulipofunguka, kwa sababu Ngorongoro ni kubwa kuliko mawazo ya mtu. Nchi ya CJ ni ndogo kuliko mawazo, na ukungu ndio uliokuwa ukiitunzia heshima yake. Udhaifu wa mashine ulikuwa umegeuka kuwa sehemu ya uzuri, bila ya mtengenezaji wala mchezaji kujua.

Mwezi Novemba 2024 kampuni ilitoa marekebisho ambayo, pamoja na mengine, yalimpa mchezaji nafasi ya kurudisha mwanga na rangi ya anga kama vilivyokuwa zamani. Anayetaka anawasha, asiyetaka anazima. Hivyo kumbukumbu yenyewe ikawa jambo la hiari. Wajukuu wangu wawili wakagawanyika papo hapo. Mkubwa aliwasha, akatulia. Mdogo, ambaye San Andreas ilitoka yeye hajazaliwa, alisema, "Sasa kwa nini mtu anunue kitu kipya halafu akichakaze?"

Nimewasikiliza watu wa kambi hizo mbili kwa muda mrefu. Kambi ya kwanza inasema mchezo ukitengenezwa upya usiguswe isipokuwa vumbi lake tu. Kambi ya pili inasema kama ni kurudia yale yale, kuna haja gani ya kutengeneza? Kila kambi ina haki yake. Lakini nimeona kwamba mtu wa kambi ya kwanza, ukimhoji taratibu, hazungumzii mchezo kwa dakika nyingi. Anazungumzia foleni ya kibandani, shilingi mia aliyopewa na shangazi, jirani aliyekuwa fundi wa kupita mahali pagumu na ambaye sasa yuko Mwanza au hayupo duniani. Anachodai hakiko katika diski. Hata kampuni ingerudisha kila wimbo na kila tone la ukungu, isingeweza kumrudishia mwaka 2006. Sisemi hivi kumdhihaki, kwa kuwa mimi mwenyewe nikisikia harufu ya chaki mbichi huwa na miaka thelathini kwa dakika moja. Nasema tu kwamba deni hilo ameliandika kwa jina lisilo lake.

Hata hivyo upo upande mmoja wa madai ya wapenzi wa zamani ambao ni wa haki kabisa: cha asili kisiondolewe kwa sababu kipya kimetoka. Mwaka 2021, kabla ya kutoa matoleo mapya, Rockstar iliyaondoa yale ya zamani madukani mwake. Baada ya malalamiko iliyarudisha ya kompyuta. Kitendo cha kuyaondoa kilichukiza kuliko sura zilizovimba, nami nadhani waliochukizwa walikuwa sahihi.

Kwa jambo hili tunao mfano mzuri katika eneo letu la Ngorongoro. Mwaka 1978 kundi la watafiti chini ya Mary Leakey lilipata huko Laetoli, kusini ya Oldupai, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano yaliyolowa, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Msururu wake una urefu wa mita kama ishirini na saba. Nyayo hizo zilinakiliwa, kisha zikafukiwa tena ili zisiharibiwe na jua, mvua na miguu ya watu na mifugo. Udongo uliozifukia ulikuwa na mbegu za migunga. Ikaota miti, na mizizi yake ikaanza kuhatarisha kile kilichokuwa kikihifadhiwa. Kwa hiyo katika miaka ya tisini wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani, walizifukua, wakaiondoa miti na mizizi, wakazifukia upya kwa ufundi bora zaidi. Mgeni anayefika katika makumbusho ya Oldupai anaonyeshwa nakala.

Wapo wanafunzi walionung'unika wakisema, "Mwalimu, tumesafiri kote huku kuona nakala?" Niliwaeleza kwamba nakala ndiyo inayoifanya ya asili iendelee kuwapo, na kwamba haijidai kuwa ya asili. Imeandikwa wazi kuwa ni nakala, na ya asili iko mahali inapojulikana, inalindwa. Kufukia ili kuhifadhi si sawa na kuficha ili kuuza. Mtengenezaji wa gemu anayetaka kusifiwa kwa kuheshimu ya kale angefanya vivyo hivyo: atoe jipya lake kwa jina la jipya, na la kale aliache mahali ambapo anayelitaka atalifikia.

Nirudi sasa kwenye vile vichochoro, yaani sehemu za hiari, ambavyo vinagombaniwa zaidi kuliko picha. Resident Evil 4, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulitoka mwaka 2005. Ulipoletwa kwenye PlayStation 2 mwaka huo huo uliongezewa sura ya pembeni inayomfuata mwanamke aitwaye Ada Wong. Ulipotengenezwa upya Machi 2023, sura hiyo haikuwamo. Ilikuja Septemba ya mwaka huo, imefanyiwa kazi upya, ikauzwa peke yake kwa karibu dola kumi. Vijana wa kibandani wakasema, "Walichotuwekea ndani, sasa wanatutolea nje watuuzie." Wengine wakajibu kwamba ni ya hiari, asiyeitaka asinunue, hadithi itafika mwisho bila hiyo.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Final Fantasy VII ilitoka mwaka 1997 katika diski tatu. Ilipotengenezwa upya iligawanywa katika michezo mitatu. Wa kwanza, wa Aprili 2020, haukutoka nje ya mji mmoja, mji ambao katika mchezo wa zamani ulipitwa kwa saa chache tu. Wa pili, wa Februari 2024, ulifungua dunia pana na kuijaza shughuli za pembeni: minara ya kutafuta, wanyama wa kuwinda, vinanda vya kupiga, hata mchezo mzima wa karata ndani ya mchezo. Hapa malalamiko yaligeuka. Kwa Ada Wong walisema hiari imepunguzwa. Kwa huu wengine walisema hiari imezidi mpaka inachosha, na wengine wakasema ndiyo raha yenyewe.

Mtu anaweza kucheka kwamba vijana hawajui wanachotaka. Mimi sikucheka, maana niliyaona haya shuleni. Wanafunzi wangu wa zamani hunitembelea, wengine sasa wana mvi. Wakikaa, wakinywa chai, nasubiri wataje nini. Hawajapata hata mara moja kutaja jedwali la kuzidisha, ambalo nililifundisha kwa jasho na ambalo wanalitumia kila siku sokoni. Wanataja kwaya. Wanataja ngoma ya siku ya wazazi, mechi na shule ya Rhotia, bustani ya maua ambayo darasa la sita waliianzisha wenyewe nyuma ya ofisi, na safari ya kwenda kreta. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo katika mtihani. Hakuna aliyelazimishwa kuingia kwaya. Kwa hiyo nafsi ya mtu hukumbuka zaidi pale ilipoachiwa nafasi ya kuchagua. Ya lazima yanatujenga, lakini tunayakumbuka kama tunavyoikumbuka mifupa yetu, yaani hatuyakumbuki mpaka yaume. Ya hiari tunayakumbuka kwa majina. Nadhani hiyo ndiyo maana mojawapo ya ule msemo kwamba hiari yashinda utumwa.

Ndiyo sababu mtengenezaji anapokosea anapodhani sehemu za hiari ni mapambo. Anaweza kuona katika takwimu zake kwamba wachezaji wachache tu waliingia kichochoro fulani, akakifunga. Lakini hao wachache walikiingia kwa miguu yao wenyewe, na baada ya miaka ishirini ndicho watakachomsimulia mtoto wao.

Lakini ipo nusu ya pili ya somo hili, na wapenzi wa hiari wasiikimbie. Safari ya kreta ilikuwa tamu kwa kuwa ilikuwa siku moja katikati ya siku mia mbili za hesabu na imla. Laiti ningewapeleka kila wiki, wangenung'unika kupanda basi. Isitoshe, hiari ikihesabiwa hugeuka kuwa lazima. Michezo hii humwonyesha mchezaji amekamilisha asilimia ngapi ya mambo yote, ya lazima na ya hiari. Namba hiyo ni kama ripoti ya muhula. Kijana mmoja wa jirani alinieleza kwa fahari kwamba alifikisha asilimia mia katika San Andreas, baada ya kutafuta kila kitu kilichofichwa katika miji yote, huku akisoma orodha. Nikamwuliza kama alifurahi. Alifikiri kidogo, akasema, "Nilimaliza, Mwalimu." Aliyewahi kusahihisha madaftari anaijua sauti ya jibu la namna hiyo. Kichochoro kilichowekewa alama ya kukaguliwa kimekwisha kuwa barabara.

Mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu, na ambao unanifanya niandike haya yote, ni bao. Mimi nililikuta chuoni mwaka 1972, kwa mwanachuo mwenzangu wa kutoka Pangani aliyekuja na ubao wake ameufunga ndani ya shuka. Ubao una mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane, na kete sitini na nne, aghalabu komwe. Lakini ndani ya ubao huo mmoja mna mabao mawili. Liko bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili tangu mwanzo, mkaanza kula mara moja. Na liko bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku ishirini na mbili zikibaki mkononi. Hizo za mkononi huingizwa moja kila zamu, na hatua hiyo ndiyo kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji.

Katika kunamua mna sheria moja ninayoipenda kupita zote. Ukiwa umekula, na kete yako ya mwisho ikaangukia katika nyumba yako mwenyewe yenye kete sita au zaidi, mchezo haukuamuru kitu. Unaweza kulala hapo, akiba yako ikabaki. Au unaweza kusafiri, ukazichota zote na kuzimwaga mashimoni. Mwenzangu wa Pangani alikuwa akisema kwamba hapo ndipo unapomjua mtu: wapo wanaosafiri kwa tamaa, na wapo wanaolala kwa woga. Hiyo ndiyo hiari ya bao, na waliolitunga hawakuiweka pembeni kama kipande cha ziada. Waliiweka katika nyumba, mahali pa thamani kuliko pote.

Kwa miaka mingi hapa kwetu tulikuwa wachezaji saba wa bao la Kiswahili, walimu, karani mmoja, na wazee waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, ambako walikutana na watu wa mikoa mingi. Leo tumebaki wawili. Wa tatu tulimzika mwaka 2022, naye ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu. Likitokea shauri la takasia, neno lake lilikuwa la mwisho. Vijana wanaotupitia hutaka bao la kujifunza, kwa sababu linaanza upesi. Bao limeingia hata ndani ya simu, na simu haimruhusu mtu kukosea sheria, kwa hiyo haimlazimu kuijua.

Mwenzangu aliyebaki ni mtu wa kambi ya kwanza. Anasema asiyejua kunamua asiguse ubao, kwa maana bao fupi si bao. Namwelewa. Anachokililia ni mchezo, na pia ni wale watano waliotangulia. Lakini yeye ana miaka sabini na tisa, nami si mbali naye. Nilimwambia kwamba tukifa huku sheria zetu zikiwa safi, zitakuwa safi kaburini. Yeye akaniambia, "Na ukiwapa fupi wakaridhika nalo, Mwalimu, utakuwa umewapa nini?" Hilo nalo ni swali la haki, na sikuweza kulipita hivi hivi.

Tukakubaliana hivi. Likizo ya Desemba 2024 tuliwakusanya watoto kumi na mmoja wa jirani. Wote walianza na bao la kujifunza, bila ya kuonewa haya na bila ya kuambiwa kwamba ni la wajinga. Wakati huo huo, mwisho wa baraza hiyo hiyo, wazee wawili tulikuwa tukicheza letu, tukinamua. Hakuna aliyelazimishwa kuja upande wetu, wala hatukuandika popote nani amekuja na nani hakuja. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili wakaja watatu, wakasimama nyuma yetu. Mmoja wao, binti wa darasa la sita, alitazama siku mbili bila kusema. Siku ya tatu alimwona mwenzangu amefika nyumbani akalala, akauliza kwa nini hakuendelea. Akaelezwa. Akarudi kucheza na wenzake, na baada ya muda akaja tena akasema, "Babu, kule kwenye fupi mtu hana pa kulala."

Mwenzangu alisogea kwenye benchi, akampa nafasi.

Watoto wanane hawakuja, nao wanaendelea na bao la kujifunza kwa furaha kubwa. Sina ugomvi nao. Katika darasa la watoto arubaini, kwaya ilikuwa na kumi na wawili, na shule haikufa kwa hilo. La muhimu ni kwamba mlango ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na watu. Kwa maoni yangu hapo ndipo kambi zote mbili za gemu zinapopitwa na jambo. Zinabishana kuhusu kitu chenyewe, kiwe na ukungu au kisiwe nao, kiwe na sura ya Ada Wong au kisiwe nayo, na zinasahau kwamba kilichofanya vichochoro vya utotoni viwe vitamu ni kwamba alikuwapo mwingine aliyetangulia kuviingia akasema, "Njoo nikuonyeshe."

Kwa hiyo vijana wangu, mnaponunua la kale lililofanywa jipya, mwulizeni mtengenezaji maswali mawili. Kwanza, la asili umeliweka wapi, na mtu atalifikiaje? Pili, mahali pa kuchagua umepaacha pawe pa kuchagua kweli, au umepaondoa, au umepawekea alama? Akijibu vizuri yote mawili, msamehe rangi na mvua. Na mkiona mdogo wenu anaupita mchezo wenu wa utotoni mbio mbio kwa njia kuu tu, msimkemee, wala msimlaumu mtengenezaji. Kaeni karibu naye mshike pedi ya pili.

Mwenzangu na mimi tunao ubao mmoja na kete sitini na nne, mbili kati yake zikiwa kokoto, kwa kuwa komwe zilipotea. Binti yule sasa ananamua. Anasafiri mno, kwa tamaa, na kila mara anashindwa. Tumemwacha, hilo litamjia lenyewe.